Kamera ya Sifa Huingia, ya Swali Hubaki Getini

Fungua daftari la wageni la shule ya sekondari yoyote hapa Tanga, kuanzia Duga mpaka Pongwe, utakuta safu zilezile: tarehe, jina, anakotoka, cheo, sababu ya kuja, namba ya simu, maoni, sahihi. Aghalabu ni kauntabuku lenye jalada gumu, mistari imepigwa kwa rula na kalamu imefungwa uzi isichukuliwe. Kwenye safu ya sababu karibu kila mtu ameandika "kikazi". Mthibiti ubora wa shule kikazi, fundi bomba kikazi, wakala wa sare kikazi, na mzazi aliyeleta godoro la mwanawe, akiangalia mstari wa juu yake, naye kaandika kikazi. Kwenye maoni: "Nimepokelewa vizuri." Saa ya kutoka haipo. Hakuna mahali panapoonyesha mgeni alitoa kitambulisho gani. Wala hutakuta jina la mtu aliyefika akarudishwa, kwa sababu anayerudishwa huishia kwenye kibanda cha mlinzi na daftari liko ofisini.

Nimeanza na daftari kwa sababu ndilo linalotajwa kila mwandishi wa habari anapokwama getini. Ataambiwa usalama wa wanafunzi, ataambiwa utaratibu. Mimi ni mzazi, na usalama wa wanafunzi siuoni kuwa kisingizio hata siku moja. Lakini nimefanya kazi ya habari mkoani hapa muda wa kutosha kuona kwamba utaratibu wetu wa kumpokea mgeni shuleni unailinda zaidi ofisi kuliko mtoto, na kwamba tukiamua, tunaweza kumlinda mtoto bila kuificha shule.

Niseme nilichokiona katika shule moja ya kata. Siku hiyo kulikuwa na ugawaji wa taulo za kike. Gari lilipofika, mlinzi alifungua mbawa zote mbili za geti, akapiga saluti. Walioshuka walikuwa na bango, fulana za rangi moja na kamera mbili, moja ya video. Hakuna aliyesaini chochote mpaka wakati wa chai, kiongozi wao alipoandika jina lake na pembeni akaongeza "na wenzake". Wasichana wa kidato cha pili walipangwa mstari chini ya mwembe, kila mmoja akapokea pakiti yake na kuambiwa ainyanyue usawa wa kifua apigwe picha. Mmoja aliinamisha uso. Mwalimu akamwambia, kwa upole kabisa, "Inua kichwa mwanangu, picha itoke vizuri." Jioni picha zilikuwa mtandaoni: nyuso, nembo ya shule kwenye shati, jina la kata, na maelezo kwamba mabinti hawa hukosa vipindi kila mwezi wanapoingia kwenye siku zao. Mzazi hakuulizwa hata mmoja.

Muhula huohuo, mwandishi kijana wa redio alifika kwenye geti lilelile. Alikuwa peke yake, na kinasa sauti kwenye mkoba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Redio, mzee. Namwomba Mkuu wa Shule, nina maswali mawili matatu kuhusu vyoo vya wasichana."

"Una barua?"

"Nina kitambulisho cha kazi."

"Kitambulisho si barua. Nenda kwa Mkurugenzi, akikuandikia njoo, mie sina neno nawe."

Akaenda. Barua yake ikapokelewa masjala, ikagongwa muhuri. Siku ya kwanza Afisa Elimu yuko kikaoni, siku nyingine amesafiri kwenda Dodoma, baadaye barua iko mezani inasubiri saini. Muhula ukafungwa. Habari ilitoka hatimaye kwa sauti za wazazi peke yao: milango ya vyoo imeng'oka, mabinti wanakwenda wawili wawili ili mmoja amkinge mwenzake kwa khanga. Uongozi wa shule ukalalamika kwamba habari ile ilikuwa ya upande mmoja. Ilikuwa ya upande mmoja kweli, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa nyuma ya geti.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kamera iliyorusha nyuso za watoto pamoja na habari za miili yao ilipita bila kusaini, na kinasa sauti kilichokuja kuuliza habari za milango ya vyoo kikadaiwa barua. Kama kipimo kingekuwa usalama wa mtoto, ingekuwa kinyume chake: walio na kamera wangesimamishwa kwanza na kuulizwa picha zinakwenda wapi na nani ameziridhia, na yule wa redio angeonyeshwa kiti, maana hakuomba kumwona mwanafunzi yeyote. Kilichopimwa pale ni kama mgeni amekuja kusifu au kuuliza.

Sisemi hivyo kuwashambulia wakuu wa shule. Nawajua wengi, na najua wanaogopa nini. Mkuu wa shule ya serikali ni mtumishi wa umma aliye chini ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kanuni za utumishi hazimruhusu kutoa taarifa za ofisi kwa vyombo vya habari bila idhini. Likitoka jambo baya redioni asubuhi, kufikia saa nne simu zinaanza kuingia: nani kamruhusu huyo mwandishi? Swali la kwanza halihusu vyoo. Mwalimu aliyepitia hayo mara moja, au aliyemwona mwenzake akivuliwa ukuu wa shule katikati ya mwaka, hatafungua geti tena. Kumpeleka mwandishi kwa Mkurugenzi ndiyo njia yake ya kujikinga, nami simlaumu. Namlaumu anayepokea barua ile huko juu na kuiacha ilale.

Tena shule zina haki ya kutuogopa sisi waandishi. Kuna makanjanja wanaozunguka na kamera isiyo na chombo nyuma yake. Huingia shuleni, wakapiga picha bweni lenye ufa au jiko lenye moshi, kisha wakakaa mbele ya mkuu wa shule na kumwambia kwamba habari hii itaruka leo usiku, labda tuelewane. Kinachotakiwa ni bahasha. Wengine wana vitambulisho halali na hufanya hayohayo kwa jina la nauli. Mkuu wa shule aliyekwisha kunyang'anywa hela ya chaki namna hiyo hawezi kutofautisha kwa macho mwandishi mwema na mnyang'anyi, na ni makosa kumtaka atofautishe kwa macho. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imeweka ithibati na kitambulisho cha mwandishi, na mhariri anapatikana kwa simu. Dakika tano zinatosha kuhakikisha kwamba huyu aliyesimama getini ametumwa kweli.

Kuna pia madhara tunayoyafanya bila nia mbaya, na hayo ndiyo yanayonikosesha raha zaidi. Tangu serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi katika mfumo rasmi, kila chombo cha habari kimemtaka "binti aliyerudi". Ni habari nzuri, habari ya matumaini. Lakini binti aliyerudi kidato cha tatu, anayejaribu kukaa darasani kama wenzake, akiitwa ofisini mchana kweupe kuonana na mwandishi, darasa zima limeshajua kwa nini. Unaweza kulificha jina lake na kuuficha uso wake hewani, na bado ukawa umemwanika kwenye ua wa shule yake mwenyewe. Mahali pa kumhoji binti huyo ni nyumbani kwao, mama yake akiwepo, na baada ya yeye mwenyewe kuelezwa kwamba anaweza kukataa bila kumkosea mtu. Shule inayomzuia mwandishi kwa jambo kama hili inafanya kazi yake sawasawa.

Usalama wa kuvamiwa ni habari nyingine, na watu wa Tanga hatuhitaji kufundishwa hofu hiyo. Tunakumbuka milio ya risasi ya Amboni Februari 2015 na mauaji ya Kibatini Mei 2016. Aprili 2015, kaskazini ya mpaka, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mlinzi anayemuuliza mgeni atokako anafanya jambo la lazima.

Wamarekani wamekwenda mbali zaidi katika hili, na inafaa kutazama walikofika. Aprili 1999 wanafunzi 12 na mwalimu mmoja waliuawa katika shule ya sekondari ya Columbine, jimbo la Colorado. Desemba 2012 ikawa zamu ya Sandy Hook, Connecticut: watu 26 ndani ya shule, 20 kati yao watoto wadogo. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Leo katika shule nyingi za huko mgeni huingia kwa mlango mmoja tu, hupita ofisini, leseni yake ya udereva huingizwa kwenye mashine inayolinganisha jina lake na orodha ya waliotiwa hatiani kwa makosa ya ngono, kisha hubandikwa kifuani stika yenye jina na tarehe, ambayo huirudisha anapoondoka.

California ina jambo la kufikirisha. Sheria ya jimbo hilo inamtaka mtu wa nje ajiandikishe kabla ya kuingia eneo la shule saa za masomo, lakini katika kueleza nani ni mtu wa nje, imewaondoa waandishi wa habari walio kazini. Mwaka 1996 mwanasheria mkuu wa jimbo akatoa maoni kwamba hata hivyo shule inaweza kumzuia mwandishi endapo kuwepo kwake kutavuruga utulivu wa shughuli za shule. Tazama kipimo kilichotumika: je, masomo yatavurugika? Kama habari itaiaibisha shule, hilo halimo kwenye kipimo. Sipendekezi tuige msamaha wao. Kwa hali yetu naona heri mwandishi ajiandikishe kama kila mtu, na ajiandikishe kwanza. Lakini kipimo hicho ningependa kukisikia siku moja kwenye geti la shule ya hapa Tanga.

Na yapo ya Uvalde, Texas, Mei 2022. Wanafunzi 19 na walimu wawili waliuawa, huku polisi wakichukua dakika 77 tangu muuaji aingie shuleni mpaka walipomkabili na kumuua. Maelezo ya kwanza ya mamlaka kwa wazazi hayakuwa hayo. Yalibadilika mara kadhaa. Julai mwaka huohuo gazeti la Austin American-Statesman lilichapisha video ya kamera ya korido, na nchi nzima ikawaona askari wenye silaha wamesimama wakisubiri. Shule ile ilikuwa na taratibu za usalama. Mzazi anayetaka kujua kama taratibu zilifuatwa alipata jibu kwa sababu kuna watu walioendelea kuuliza baada ya kuambiwa yameisha.

Kwetu hatari kubwa katika shule za bweni imekuwa moto kuliko bunduki. Juni 1994 zaidi ya wasichana 40 waliteketea Shauritanga, Kilimanjaro. Agosti 2009, Idodi, Iringa, wasichana 12. Septemba 2024, kwa majirani zetu wa Kenya, watoto 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri. Kila baada ya moto sote huuliza maswali ambayo mtu angeweza kuyauliza mwezi mmoja kabla: bweni lina milango mingapi, madirisha yana nondo, ufunguo wa usiku anao nani, vitanda vimezidi kiasi gani, mitungi ya kuzimia moto ilikaguliwa lini. Wathibiti ubora huyauliza, ila shule ni nyingi na magari yao machache, na ripoti zao mzazi wa kawaida hazioni. Mwandishi anayeruhusiwa kutembezwa bwenini saa nne asubuhi, wanafunzi wakiwa darasani na matroni akiwa pembeni, hamhatarishi mtoto yeyote. Anaona nondo. Anaandika. Nondo zinaondolewa, au walau bodi ya shule inalazimika kueleza kwa nini hazijaondolewa.

Kwa hiyo mtu akiniambia usalama unataka waandishi wazuiwe, namuuliza: usalama dhidi ya nini?

Sheria zetu zenyewe, ukizisoma pamoja, zimeshaonyesha pa kukatia. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka mamlaka ya umma kuwa na afisa taarifa na kumjibu mwombaji haraka iwezekanavyo, isizidi siku 30. Maana yake barua iliyolala mezani muhula mzima imevunja sheria, hata kama hakuna aliyetamka neno hapana. Kwa upande wa pili, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inataka maslahi yake yatangulie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Picha ya binti na pakiti yake ya taulo ni taarifa nyeti ya mtoto. Idadi ya matundu ya vyoo siyo.

Naomba tukae hapo kidogo, maana mkanganyiko mwingi unazaliwa hapo. Shule ina mambo ya aina mbili, na sisi huyafungia kwenye kabati moja. Kuna mambo ya shule kama mali ya umma: majengo, vyoo, maji, fedha za ruzuku, idadi ya walimu wa fizikia, matokeo. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kuuliza shule ina matundu mangapi ni kuuliza hesabu, na hesabu haina faragha. Hayo yangeweza kujibiwa na mkuu wa shule mwenyewe siku hiyohiyo, bila barua, kama Mkurugenzi angempa idhini ya jumla mwanzoni mwa mwaka. Kisha kuna watoto: sura zao, majina, sauti, maradhi, yaliyowapata. Hapa masharti yawe makali kuliko yalivyo sasa, na yamhusu kila mwenye kamera: mwandishi, mfadhili, mbunge, mwanafunzi wa zamani aliyeleta madawati, hata mwalimu mwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Ridhaa ya mzazi iandikwe, na mtoto mwenyewe aulizwe. Wapo wa kidato cha sita waliotimiza miaka 18, hao wanaweza kujisemea, lakini wasisemewe na mwalimu kwa kuwa wamevaa sare.

Kuna suala la nani akae pembeni mwanafunzi anapohojiwa. Desturi ni mwalimu kusimama hapohapo, na mwanafunzi akijibu huku anamtazama usoni. Mahojiano ya namna hiyo hayana thamani kwa msikilizaji, na mtoto hayamsaidii. Kumwacha peke yake na mgeni nako sikubali kabisa. Mwalimu wa malezi akae mahali anapomwona mtoto lakini hasikii kila neno, au mzazi awepo, na mtoto achague mwenyewe kati ya hao. Na kama jambo lenyewe ni la kupigwa au kufanyiwa ukatili na mtu wa shule hiyohiyo, mahojiano yasifanyike ndani ya shule, na mwandishi apite kwanza ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi kabla hajawasha kinasa sauti.

Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wa mafunzo wakimpiga mwanafunzi wa Mbeya Day kwa fimbo, mateke na makofi. Ilirekodiwa kwa simu na kusambaa mitandaoni. Hatua zilichukuliwa haraka, na nashukuru zilichukuliwa. Lakini kijana yule uso wake ulizunguka kwenye kila simu, na bado unazunguka. Yaliyomo ndani ya shule yatatoka tu, geti lifungwe lisifungwe. Tofauti ni kwamba klipu haina mhariri wa kumuuliza mwalimu upande wake wala wa kuuficha uso wa mtoto. Kila mwandishi anayezuiwa bila sababu, nafasi yake inachukuliwa na klipu.

Wala shule na habari si maadui wa asili, hasa hapa kwetu. Huko Magila, Muheza, wamisheni wa Kianglikana wa UMCA walikuwa wakitoa gazeti la Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Wajerumani hapa Tanga mjini ndiyo iliyokuwa ikichapa Kiongozi, na gazeti hilo likaendelea mpaka mwaka 1916. Lilikuwa gazeti la mkoloni, halikuwa huru, lakini liliandikwa na walimu na watu waliosomea shule zile, likasomwa mbali na pwani hii. Mji uliokuwa na mtambo wa kuchapa gazeti ndani ya shule usingepaswa kumwona mtu wa habari getini na kutaharuki.

Ninachopendekeza ni kidogo, na sehemu kubwa yake inaweza kufanywa na bodi ya shule bila kusubiri waraka kutoka Dodoma. Ukurasa mmoja wa masharti, ubandikwe kwenye kibanda cha mlinzi, kwa Kiswahili chepesi. Mgeni yeyote, mwenye cheo na asiye na cheo, aonyeshe kitambulisho, aandikwe yeye na kila aliyefuatana naye, apewe kadi ya mgeni, aandikwe saa ya kuingia na ya kutoka. Kamera na simu zibaki mkobani mpaka azungumze na mkuu wa shule au makamu wake. Wiki za mtihani wa taifa, Novemba kwa kidato cha nne na Mei kwa kidato cha sita, mgeni wa habari asiingie kabisa. Bwenini asiingie wanafunzi wakiwemo. Asitoe wala asiombe hela, na mkuu wa shule akiombwa, ampigie mhariri palepale. Klabu ya Waandishi wa Habari Tanga ingeweza kuzipa shule namba za wahariri wa kila chombo, zikabandikwa chini ya ukurasa huohuo.

Halafu daftari lenyewe lipangwe upya. Namba za simu za wageni zisiwe wazi kwa kila anayelifungua. Mabinti wanaofika shuleni kwa mazoezi ya kufundisha wameshasumbuliwa vya kutosha na meseji za watu wasiowajua waliochukua namba pale. Iongezwe safu ya picha: je, mgeni huyu amepiga picha za wanafunzi, na ridhaa iko wapi? Na ziwepo kurasa za waliokataliwa. Jina, chombo, alichotaka, nani amekataa, kwa sababu gani, aambiwe arudi lini. Hii ndiyo safu ninayoitaka kuliko zote. Mkuu wa shule mwenye sababu nzuri ataiandika bila taabu: ni wiki ya mtihani, ametaka kumhoji mtoto bila mzazi, mhariri wake hapatikani. Mwenye sababu isiyoandikika atasita kabla ya kukataa. Mthibiti ubora akija atazisoma kurasa hizo, na bodi itazisoma inapokutana.

Shule binafsi za bweni, ambazo mkoani hapa zinaongezeka, zitasema wao hawako chini ya Mkurugenzi kwa kila jambo. Ni kweli, na fedha zao ni zao. Lakini watoto si wao. Mzazi anayelipa ada ana haki ya kujua kwamba bweni la mwanawe limeonwa na mtu asiyelipwa na mwenye shule, kwa hiyo wao pia ukurasa ule unawahusu.

Mwenye kuyabeba haya yote ni mlinzi, na mara nyingi ndiye mtu anayelipwa kidogo kuliko wote pale shuleni. Ni mzee wa mtaani, amepewa rungu, tochi na amri ya mdomo kwamba waandishi wasiingie. Asomewe ukurasa huo mpaka auelewe, apewe namba ya mwalimu wa zamu na salio la kumpigia, na aambiwe waziwazi kwamba siku atakapomsimamisha mgeni mwenye gari kubwa na kumwomba asaini, hakuna atakayemfokea.